Mvaa Kinyago Aliyetaka Kutambuliwa

Aliitwa Farkar mwana wa Alasdair, mwana wa Niall Mweusi, mwana wa Farkar wa Nyumba Zote. Karani wa serikali alimwandika Farquhar MacEachen, jina ambalo hapa Ardmoli, kisiwani kaskazini ya Glasgow, hakuna aliyewahi kumwita, hata siku alipofunga ndoa. Huyo Farkar wa Nyumba Zote ni babu wa baba yetu. Jioni moja ya Mkesha wa Watakatifu, siku ya mwisho ya mwezi wa kumi, aliingia kila nyumba ya upande wa magharibi wa kisiwa akiwa amevaa kinyago cha ngozi ya kondoo, na hakuna mtu aliyemtambua. Mkewe mwenyewe alimpa mkate akamwambia, "Kula upesi, mgeni, mume wangu akirudi atakutoa mbio." Niall Mweusi alichonga kichwa cha tanipu, ule mzizi mnene wa shambani, kikamtisha hata farasi wa msimamizi wa mashamba ya bwana. Farasi alikataa kupita, na msimamizi akarudi alikotoka akiwa amelowa. Baba yetu Alasdair alitambuliwa mara moja tu maishani, na aliyemtambua ni mbwa. Mbwa hakuhesabiwa.

Farkar alikuwa kaka yangu, tumbo moja. Ninaandika kwa sababu nimewasikia wajukuu za watu wakisimulia kwamba alikuwa zuzu, mzee mwenye jicho moja aliyekuwa akibeba soksi za marehemu barabarani. Hakuwa zuzu. Wanaosema hivyo hawajui kuchonga tanipu wala kuvaa ngozi, na wazee wao walitambulika wakiwa bado mlangoni.

Binamu zetu wa Kanada walipokuja kututembelea, walileta picha za maboga yao yenye macho na meno, na watoto wao waliovaa nguo za dukani wakiomba peremende. Wakatuuliza kama na sisi tumeanza kuiga. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Hilo boga ni tanipu yetu iliyopanda meli. Watu wetu walipofukuzwa kwenye mashamba wakapelekwa huko, walikuta boga, laini, limeshakaa wazi ndani, basi wakaona uvivu kuhangaika na tanipu. Tanipu ni ngumu kama kisigino. Unaichimba kwa kijiko kilichonolewa, siku nzima, mpaka kiganja kinatoka malengelenge, na ukiweka kipande cha mshumaa ndani, kifuniko kinaungua na kutoa harufu ambayo kwangu mimi ndiyo harufu ya Mkesha wenyewe.

Na kuomba peremende je? Hapa kwetu hakuna aliyeomba. Jioni ile wafu wanatembea. Wazee waliamini hivyo kabla padri wa kwanza hajatia mguu kisiwani, na padri alipokuja hakubisha, aliwapa tu wafu siku yao kwenye kalenda. Kwa hiyo anayetembea anajificha uso, ili wale wakikutana naye wamwone mwenzao. Anaingia bila kubisha hodi. Hasemi, au akisema anavuta pumzi ndani badala ya kuitoa, sauti inakuwa ya mtu anayezama. Nyumba inampa chakula, kwa sababu hujui ni nani aliye chini ya ngozi, wa juu au wa chini ya ardhi. Kisha mnakisia. Ukikosea, anatikisa kichwa. Ukipatia, lazima avue. Kukataa chakula ni kuilaani nyumba. Sheria ni hizo tu, na hakuna aliyezivunja mpaka kaka yangu.

Farkar alikuwa mchunga kondoo. Jicho la kushoto lilitobolewa na waya wa uzio akiwa kijana, ndiyo sababu vita vya pili vya dunia vilipokuja jeshi halikumtaka. Walimchukua Torkil, mtoto wa pekee wa Marsali, mjane wa nyumba ya mwisho kabla ya mchanga. Torkil alikuwa mdogo kwa Farkar lakini walikuwa kama pacha. Kimo kimoja, mabega yaleyale, na kila Mkesha walitoka pamoja. Siku aliyoondoka kwenda jeshini alipita kwetu, akavua koti lake la sufu la buluu akalitundika nyuma ya mlango.

"Litunze, Farkar. Nikirudi nalitaka likinuka moshi vilevile."

"Ukirudi utakuwa umenenepa kwa vyakula vya mfalme. Halitakuingia."

"Basi utanishonea jingine, mke wangu."

Tulicheka. Alikwenda. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, kikosi chao kilizingirwa huko Ufaransa. Hadi mavuno barua za mateka zilikuwa zimeanza kuingia nyumba hii na ile, vijana wako kambini kwa Wajerumani, wana njaa lakini wako hai. Kwa Marsali hakikuja kitu. Karatasi ya jeshi ilisema hajulikani alipo, basi.

Mkesha wa mwaka ule ulikuwa bila taa. Polisi alikuwa ametembea nyumba kwa nyumba akisema hata tanipu moja isiwake barabarani, ndege za adui zitaiona. Tulimuuliza ndege za adui zitafuata nini Ardmoli, kondoo? Hakucheka. Hata hivyo vinyago vilitoka, gizani, kwa kupapasa ukuta.

Mimi nilikuwa nimeshaolewa jirani na Marsali, na jioni ile nilikwenda kukaa naye asiwe peke yake. Alikuwa amepika kama kawaida, mkate wa shayiri na malai ya maziwa yaliyopigwa na unga. Wakaingia watatu wenye vinyago.

"Haya, tuone," Marsali akasema, akanyanyua taa ya mafuta. "Huyu mwenye tumbo ni Dughall. Mto wa kulalia hauwezi kuwa na mviringo wa namna hiyo, hilo ni la kuzaliwa. Vua."

Dughall akavua, akilalamika kwamba ni mto.

"Na wewe mwenye suruali ya baba yako, unatembea kama mama yako anavyoenda kisimani. Vua, Peigi, usije ukafa kwa joto."

Peigi akavua. Nilifurahi kumwona Marsali akitania, maana ilikuwa miezi sijasikia. Wa tatu alisimama karibu na mlango. Kinyago cha ngozi iliyonyolewa, ndevu za mkia wa farasi, meno ya kiazi, glavu mikononi. Sikumjua. Mimi, dada yake wa damu, sikumjua, na hilo nalisema kwa fahari hata leo.

Marsali akamsogelea na taa. Akaanza kuangalia miguu, akapanda juu. Alipofika kwenye kiwiko cha koti, akaacha. Pale palikuwa na kiraka. Alikuwa amekitia mwenyewe, kwa mshono wake wa kurudi nyuma ambao hakuna mwanamke mwingine aliyeuweza hapa.

"Torkil," akasema, chini kwa chini.

Yule mtu hakutikisa kichwa.

Dughall na Peigi walikuwa wanagombania malai, hawakusikia. Yule mtu akainua mkono nusu, kana kwamba anataka kushika kinyago, na Marsali akaudaka mkono ule.

"Usivue. Hapana. Usivue hapa." Akawageukia wale wawili. "Nyie, tokeni na hilo bakuli lenu, mnanichafulia sakafu."

Walipotoka alimpa mkate na maziwa. Yule mtu akainua ngozi hadi mdomoni, akala, akanywa, akatoka. Marsali akaweka komeo, jambo ambalo kwetu halifanyiki Mkesha wa Watakatifu.

"Umeona nini, binti Alasdair?"

"Nimeona mtu mmoja hukumtambua."

"Vizuri. Endelea kuona hivyo." Kisha akashindwa kujizuia. Alinishika mabega, macho yanawaka. "Ametoroka. Amewatoroka wote, Wajerumani na wetu pia. Yuko milimani. Angekujaje siku nyingine? Leo tu ndiyo mtu anaweza kuingia nyumba yoyote na uso umefunikwa, polisi asimwulize. Ana akili, mwanangu. Ukisema neno watamfunga au wampige risasi. Apa."

Niliapa, kwa sababu alikuwa ananiumiza mabega. Nikaenda moja kwa moja kwa baba yangu. Farkar alikuwa ghalani, amekaa juu ya gunia, koti bado mwilini.

"Wewe?" nikasema. "Koti la Torkil? Una wazimu?"

"Sikufikiri kuhusu yeye. Nilifikiri, nani atawazia koti la mtu aliyeko vitani? Nilijua hawatanipata. Mchezo tu."

"Na kichwa? Kwa nini hukutikisa?"

"Shingo ilikataa. Umeuona uso wake? Ningetikisa, ningekuwa nimemwambia nini?"

"Na kula je? Ungeondoka bila kula."

"Nikakatae chakula? Niilaani nyumba yake, baada ya hayo?"

Nilimwambia asubuhi aende akaseme. Alikwenda, lazima niseme hilo, hakungoja hata chai. Mimi nilimfuata nikasimama mlangoni. Alieleza yote, ngozi, koti, msumari nyuma ya mlango, huku kofia inazunguka mikononi. Marsali alimsikiliza akikanda unga.

"Nani amekutuma?" akauliza. "Yule polisi?"

"Hakuna aliyenituma, mama Torkil. Nilikuwa mimi."

"Farkar mwana wa Alasdair. Ukoo wenu haujawahi kutambulika, na wewe unakuja asubuhi, bila kuulizwa, kusema ilikuwa wewe? Babu yako angetoka kaburini akupige makofi. Wamekupa nini?"

"Mama, nakuapia."

"Koti mlilichukua kwake ili mwende mkalionyeshe kwa askari? Mrudishie. Ana baridi."

"Mama Torkil. Huenda amefariki. Sijui. Lakini jana hakuwa yeye."

Hapo akaacha unga. Akamtazama kama mtu anavyomtazama mtoto mdogo aliyeshindwa na jambo jepesi. "Wafu hawali, Farkar. Huyu alikula mkate wote, na maziwa akamaliza."

Kila mtu kisiwani anajua kwamba wafu hupokea chakula ila hawali. Mkate kaka yangu alioula kwa heshima ndio uliokuja kuwa ushahidi.

Wakati wa kupanda viazi karatasi nyingine ikaja. Torkil aliuawa Ufaransa, mwezi uleule wa sita, na mwenzake aliyekuwa mateka ndiye aliyethibitisha. Padri alimpelekea mwenyewe. Marsali akaisoma, akaikunja, akamkaribisha padri chai.

"Tutapanga misa lini, Marsali?"

"Misa ya nani, padri?"

"Ya Torkil."

"Padri, mtu hasomewi misa ya wafu akiwa hai. Ni dhambi. Wewe ndiye uliyetufundisha." Akatabasamu. Mimi nilijua tabasamu lile ni la nini. Serikali imemwandika amekufa, kwa hiyo hawatamtafuta tena. Kwake ile karatasi ilikuwa habari njema.

Na hapo ndipo lilipokaa jambo lenyewe, ambalo wajukuu za watu hawalielewi wanapocheka. Mwezi wa kumi na moja, hapa kwetu, majina ya marehemu wa kila nyumba yanasomwa kanisani na watu wote wanayaombea. Jina huletwa na mama, au baba, au mjane, au mtoto, si jirani. Asiyeletwa hasomwi. Asiyesomwa, anakaa nje ya mbingu anasubiri, na haijalishi alikuwa mwema kiasi gani. Kaka yangu alisikiliza majina yote mwaka ule akiwa amepiga magoti nyuma kabisa, na yalipokwisha bila Torkil alibaki amepiga magoti mpaka nikaenda kumvuta mkono.

"Mimi ndiye niliyemfungia nje," aliniambia njiani. "Rafiki yangu."

Alikwenda kwa padri naye. Padri alikuwa mtu mzuri, lakini akasema hawezi kusoma jina mbele ya watu huku mama mtu amekataa. Angemwombea kimya kimya. Farkar alisema kimya kimya si sawa, na nadhani padri alijua.

Mkesha wa mwaka uleule, kabla majina hayajasomwa, Farkar alikuwa ameamua hatoki. Alisema asipokuja mtu, Marsali atafikiri, na akifikiri ataelewa. Hakuelewa. Aliacha mlango wazi, akakaa kizingitini na shali, mvua ya kutoka baharini inampiga usoni, hadi kulipokucha. Tulimbeba kumwingiza ndani. Mapafu yalimshika, akalala hadi karibu na Krismasi, na alichokuwa akiuliza ni kimoja tu, kama milimani kumeanguka theluji.

Kwa hiyo mwaka wa tatu kaka yangu alilivaa koti tena.

Nimesema alikuwa mtu asiyetambulika. Sasa sikilizeni alivyohangaika atambuliwe. Kuvua mwenyewe bila kukisiwa hakuweza, alishakuja na uso wake mtupu akaitwa kibaraka wa polisi. Alitaka Marsali ajionee mwenyewe, ataje jina kwa kinywa chake mwenyewe. Alikwenda na viatu vyake mwenyewe vya kuchungia, vyenye kinyesi cha kondoo. Marsali akasema, "Afadhali Farkar amekuazima viatu." Alikwenda na mbwa wake. Marsali akamtupia mbwa mfupa. "Amekuzoea huyu. Lazima unakwenda kwao usiku kula." Mwaka mmoja alipiga mluzi wa kuitia kondoo, mluzi ambao hadi vipofu wanaujua ni wake. "Umejifunza vizuri," Marsali akasema. "Hivyo ukisikika milimani watadhani ni yeye." Kila alichofanya kiligeuka kuwa ujanja wa Torkil. Na kila mara, akitoka, alipewa furushi. Soksi mbili tatu za sufu, jibini, samaki wa chumvi. Chakula alikitoa kwa nyumba zenye watoto bila kusema kimetoka wapi. Soksi hakuweza kumpa mtu. Ziliwekwa kwenye sanduku ghalani, nondo wakala sherehe.

Vita vikaisha. Mateka wakarudi, wembamba kama uzi. Yule mwenzake Torkil alikuja mwenyewe kumwambia Marsali alivyomwona akianguka. Marsali alimkumbatia akamshukuru kwa kulinda siri.

Miaka ikaenda. Farkar alioa, akapata binti, Behag, akafiwa na mke. Vijana wakawa wanahama mmoja mmoja, Glasgow, Kanada, popote. Vinyago vikapungua, jioni nyingine ya Mkesha hakuwa akitembea mtu ila yeye, na tanipu moja iliyochongwa ukutani kwa Marsali. Aliichonga Marsali mwenyewe, ili Torkil aione njia. Mchongaji mbaya, kama mchongaji yeyote asiye wa ukoo wetu, lakini alijitahidi.

Halafu ukaja mwaka wa kumvika malkia mpya taji, na redio ikatangaza kwamba waliotoroka jeshini wakati wa vita wamesamehewa. Marsali alikuja kwangu mbio na aproni, mwanamke wa karibu miaka sabini.

"Umesikia, binti Alasdair? Umesikia? Anaweza kurudi nyumbani."

Nilimtengenezea chai.

Alipaka nyumba chokaa. Alishona godoro jipya. Alihesabu kwamba habari zinachelewa kufika milimani, kwa hiyo hatakuja kabla ya Mkesha, lakini Mkesha hakosi. Akanitaka niwepo, niwe shahidi.

Farkar niliongea naye mchana wa Mkesha wenyewe. Alikuwa akinoa kisu cha kukatia kwato.

"Leo atakuambia uvue," nikasema.

"Najua."

"Utavua?"

"Nimesubiri miaka yote kuambiwa hivyo, dada. Akiniambia nivue, atauona uso wangu. Ataona. Itamuuma, lakini ataona. Na mwezi ujao jina litasomwa." Alikaribia kuwa na furaha. Sikuwahi kumwona na sura ile tangu koti.

Jioni akaingia. Marsali alikuwa amesimama katikati ya chumba, nguo ya kanisani, mikono imebana aproni safi.

"Vua, mwanangu. Imekwisha. Wamesamehe."

Farkar akavua. Ngozi ilinasa kwenye sikio akaivuta. Akasimama na mvi zake na jicho lake moja, jasho linamtiririka, katika koti lililoanza kuwa dogo tumboni. Kwa mara ya kwanza tangu Farkar wa Nyumba Zote, mtu wa ukoo wetu aliuonyesha uso wake ndani ya nyumba siku ya Mkesha. Nilitazama chini.

Marsali alimwangalia.

"Farkar," akasema.

"Mimi, mama Torkil. Nilikuwa mimi kila mara. Tangu mwanzo."

"Leo ni wewe, ndiyo. Naona."

"Tangu mwanzo, mama. Yeye amelala Ufaransa. Niko chini ya miguu yako, mwache padri amsome."

Alikuwa amepiga magoti kweli. Marsali akainama, akamfuta jasho kwa aproni ile safi, taratibu, kama anavyomfuta mtoto aliyeanguka.

"Kwa hiyo bado anaogopa," akasema. "Amekutuma wewe na koti lake kwanza, uone kama ni mtego. Mwambie si mtego. Mwambie malkia mwenyewe amesema, mimi nimesikia kwa masikio yangu."

"Mama..."

"Na akikuagiza useme amekufa, unasema vibaya, Farkar. Huna uso wa uongo. Mwambie nilikuambia hivyo, atacheka."

Kaka yangu alinitazama. Sijasahau. Mtu anaweza kusukuma mlango maisha yake yote, na ukifunguka akakuta ukuta nyuma yake. Nilisogea niseme na mimi, nikasema, "Marsali, ni kweli," na yeye akanipapasa shavu na kuniambia kwamba niliapa na ninatunza kiapo vizuri.

Alimpa furushi. Alilipokea.

Tangu hapo alikwenda bila kinyago, kama mjumbe. Aliulizwa maswali na alijibu. Anakula? Anakula. Anakohoa? Kidogo, wakati wa baridi. Amepata mke huko milimani? Hapana, mama, bado. Watu waliomwona na furushi barabarani ndio waliozaa hizo hadithi za uzuzu. Nilimwambia aache. Aliniuliza, "Akae tena kizingitini?" Sikumwambia tena.

Mwaka kifua kilipomshinda Farkar, Marsali alikuwa bado imara, anachota maji mwenyewe. Farkar alilala kitanda cha karibu na moto, mifupa mitupu. Behag alikuwa na nafasi ya uuguzi Glasgow, sanduku limeshafungwa, alingoja tu. Sote tulijua anangoja nini, na hakuna aliyelitaja. Ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi. Alimwita Behag akae kitandani, na mimi nikabaki kwenye kiti changu kwa sababu hakuna aliyeniambia nitoke.

"Siku ya Mkesha utakwenda kwa Marsali," akamwambia.

"Baba, usianze."

"Usivae kitu. Wewe ni mwanamke, koti halitamdanganya mtu. Sema Torkil amekutuma kwa sababu mimi naumwa."

"Nimwambie uongo mama wa watu, niwe kama wewe?"

"Ndiyo. Uwe kama mimi."

Behag alilia kwa hasira. "Na mwaka kesho? Nitoke Glasgow, nipande meli, nije kuchukua soksi za mtu aliyekufa kabla sijazaliwa?"

"Jioni moja kwa mwaka. Utarudi kazini kwako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka afe yeye." Alikohoa, tukamngoja. "Siku watakapomzika, kabla hujala chochote, nenda kwa padri. Atakayekuwepo, hata akiwa mgeni. Mwambie asome majina mawili, la mama na la mwana. Siku ile hakutakuwa na mtu wa kukataa."

"Na lako je?"

"Langu litasomwa. Nina mtoto." Akamshika kidole gumba tu, hakuwa na nguvu ya mkono mzima. "Sikiliza, hili ndilo gumu. Akikupa furushi, usilitie kwapani kama mzigo wa sokoni. Anakuangalia mpaka unapopinda kona ya ukuta. Lishike kwa mikono miwili, kama kitu kinachokwenda kwa mtu."